Chifu Aliyerudi Embu Bila Kamba

Baba yangu alizaliwa Kibugu, upande wa Embu, karibu na msitu wa mlima. Mama yangu alizaliwa Mikinduri, upande wa Meru, akavuka kwenda kuolewa Kibugu. Mimi nikavuka tena kuja kuolewa Mikinduri. Wakati huo watu walivuka wilaya bila kuulizwa cheti. Andika hayo kwanza, mjukuu wangu, na ukae wima unapoandika.

Jana ulinisomea gazetini habari za kiongozi wa zamani aliyekimbilia nchi jirani, na serikali ya kwao inadai arudishwe. Ukaniuliza mambo kama hayo huamuliwaje. Mimi sikusoma, lakini niliwahi kuona moja likiamuliwa nyumbani kwetu kabla uji haujapoa.

Ilikuwa miaka ya Hali ya Hatari, wakoloni walipopigana na watu wa msituni. Chifu wa Kibugu alichukia wakimbizi kuliko alivyochukia wizi. Kaka yangu alikataa kuchimba handaki la kuzunguka msitu, akakimbilia kwangu. Chifu akapeleka neno kwa serikali ya Meru kwamba kijana huyo amekula kiapo cha watu wa msituni, arudishwe. Kaka hakuwa amekula kiapo chochote. Alirudishwa, akapelekwa kambi ya kizuizini. Baba mkwe wangu hakuweza kumzuia asichukuliwe, kwa kuwa kaka alikuwa shemeji tu. Chifu akatangaza barazani kwamba mkimbizi hastahili kupewa hata maji.

Muda si mrefu ikagunduliwa kwamba chifu huyo mchana aliwaongoza askari msituni, na jioni aliwapelekea wapiganaji unga humo humo. Alivuliwa kofia, akatafutwa akamatwe. Naye akakimbia. Akakimbilia wapi? Kwetu.

Alikuwa na haki. Ukoo wake na ukoo wa mume wangu wana gichiaro, yaani udugu wa kiapo ulioachwa na wazee wa kale. Mtu wa gichiaro akiomba, hupewa, na anayemnyima hujiletea laana. Kaka yangu hakuwa na gichiaro. Aliyemfungisha alikuwa nayo.

Basi nilimpikia. Alipenda njahi zangu, yale maharagwe meusi ya kwetu.

“Mama, chakula chako kinanikumbusha nyumbani.”

“Mimi pia,” nikamjibu. “Kinanikumbusha kaka yangu.”

Akaomba aongezwe, nami nikamwongeza.

Serikali ya Embu ikamdai kwa barua, wazee wetu wakajibu kwamba hawawezi kumtoa. Ndipo watu wa Embu wakapata werevu. Wakamtuma chifu mpya, binamu yake, mtu wa ukoo ule ule, kwa kuwa na huyo pia hatungeweza kumnyima. Alikuja na cheti cha njia, askari wawili, kamba ya mkonge, na kifurushi cha miraa ya heshima. Nilikuwa nikimimina uji.

“Mzee, nimekuja kuomba,” akamwambia baba mkwe. “Namwomba huyu.”

“Umepewa.”

“Mzee!” chifu wa zamani akalia. “Unanitoa kama mbuzi?”

“Mbuzi hali njahi mara mbili kwa siku. Tulia ufungwe.”

Akafungwa. Chifu mpya akakaa akitabasamu. Baba mkwe akachagua miraa yake taratibu, akatafuna, kisha akasema, “Sasa mimi pia nina ombi. Namwomba huyo uliyemfunga.”

Tabasamu likafa. Embu walikuwa wamemtuma mtu tusiyeweza kumnyima, wakasahau kwamba yeye pia hawezi kutunyima sisi.

“Mzee, Bwana Mkuu wa Wilaya atanifuta kazi!”

“Ukifutwa, njoo ukae hapa. Nafasi ipo.”

Kamba ikafunguliwa. Chifu wa zamani akanyoosha mikono akicheka, akisifu mila zetu. Hapo nikaweka kibuyu chini. Mke ni wa ukoo wa mumewe, na gichiaro humfunga kama inavyowafunga wanaume.

“Mimi pia ni wa nyumba hii,” nikamwambia. “Nina ombi.”

Baba mkwe hakuniangalia. Aliendelea kuchambua miraa.

“Namwomba kaka yangu.”

“Mama, kaka yako yuko kambini. Mimi sina mamlaka tena.”

“Alipelekwa na maneno yako. Nenda ukamwambie Bwana Mkuu kwamba yalikuwa ya uongo.”

“Nikifika Embu nitafungwa!”

“Sijaomba ufungwe. Nimemwomba kaka yangu.”

Alikuwa ameisifu mila mno, mbele ya watu wengi mno, asiweze kuikana. Kesho yake aliondoka kwa miguu bila kufungwa, na chifu mpya akambebea mzigo kwa furaha. Embu ikampata mtu wake. Barua haikumleta, wala kamba. Alisema aliyotakiwa kusema, akafungwa. Kaka yangu alirudi baada ya mavuno, akichechemea, lakini akiwa hai.

Uhuru ulipokuja, chifu yule alisimama mikutanoni akisema kwamba alifungwa kwa kurudi kumtetea mtu wake. Watu walipiga makofi. Nami nilipiga, kwa kuwa hakusema uongo.

Ile kamba chifu mpya aliisahau kwetu. Imefunga mbuzi wengi, na kipande kilichobaki kimo kikapuni mwangu, hicho ukitunze. Gazeti la jana liwashie moto. Na ule ukoo nitakutajia kwa mdomo, usiuandike, lakini usiusahau, kwa maana watu wa gichiaro hawaoani. Ukiniletea mchumba wa kwao nitamlisha njahi ashibe, kisha nitamwomba arudi kwao, naye hataweza kuninyima.