Nyasi Mbichi za Majilio

Ipo Jumamosi moja, mwanangu, ambayo haijapata kunitoka kichwani. Ilikuwa ya Majilio, mvua za vuli zimelowesha kila kitu, senene wanaruka, watoto wanakimbizana nao huko nje, na mimi nimekaa kizingitini mwa nyumba ya mama mkwe wangu hapa Buganguzi, sitaki hata kusalimiwa na mtu. Nilikuwa bibi arusi wa juzijuzi, na bwana arusi sikuwa naye. Kaa nikusimulie. Najua una haraka, vijana wa siku hizi mmezaliwa na haraka, lakini habari ya kungoja haisimuliwi mbiombio.

Enzi hizo nchi ilikuwa bado inanukia uhuru, na kila mkutano ulikuwa wa ujamaa. Kwetu huku vibanja vilikuwa vimebanana, migomba ya huyu inagusa ya yule, kijana akioa hana pa kuchimbia shimo la mgomba wake mwenyewe. Vijana wakaambiwa iko ardhi tupu kule Kimwani, waende wafyeke, waanzishe kijiji, walime pamoja. Gaspari wangu alikuwa wa kwanza kunyoosha mkono. Alikuwa mtu wa kuamini mambo, yule. Siku ya kuondoka alinishika mkono njiani, jembe liko begani, akaniambia, "Koku, nikishasimamisha kibanda nakuja kukuchukua. Noeli hii tutakula pamoja."

Mwanzoni salamu zake zilifika kwa midomo ya watu. Baadaye zikakoma. Waliorudi kutoka Kimwani walirudi wamekonda kwa malaria, wakasema kazi imewashinda wengi, na Gaspari aliondoka kule bila kuaga. Mmoja akasema ameelekea Karagwe. Mwingine akasema amevuka kwenda Uganda kama baba yake, na akasema huku anacheka. Huyo sijamsamehe vizuri mpaka leo, Mungu anisaidie.

Habari zikamfikia baba yangu kule Kitendaguro, pembeni ya mji wa Bukoba. Akamtuma kaka yangu na neno fupi: Noeli ikipita mumeo hajatokea, panda basi urudi nyumbani. Kwa hiyo mwaka ule wenzangu kanisani walikuwa wanamngoja Bwana, mimi nilikuwa nangoja hukumu. Katekista akisema "tungoje kwa furaha", nilikuwa naangalia miguu yangu.

Niliishi na mama yake Gaspari, Ma Justina. Nilimwita Mae, ndivyo tunavyomwita mama kwa Kihaya. Mwanamke mfupi, mkavu, ulimi wake ungeweza kumenya ndizi. Tulikuwa wawili tu ndani ya nyumba ile. Mume wake alikwenda Uganda kutafuta kazi Gaspari akiwa bado ananyonya, asionekane tena, na hilo halikuwa jambo la kuulizwa.

Sasa ujue, mwanangu, sisi Wahaya zamani hatukumpokea mgeni kwenye udongo mtupu. Mgeni wa maana akitarajiwa, au sikukuu ikikaribia, wanawake walikwenda rweya, yaani kule kwenye mbuga wazi nje ya vibanja, wakakata nyasi laini, wakazitandaza nyumba nzima. Mgeni alivua viatu mlangoni akakaa juu yake, akaletewa buni za kutafuna. Ukiingia kwenye nyumba yenye nyasi mbichi huna haja ya kuuliza kama unakaribishwa, pua imekwisha kukuambia. Na ukikuta nyasi kuukuu, kavu, nyeusi, zenye viroboto, pua inakuambia pia.

Basi Mae alikuwa na desturi yake ambayo majirani waliicheka. Kila Jumamosi ya Majilio aliondoa nyasi za zamani, akazipeleka migombani, akatandaza mpya. Si mkesha wa Noeli peke yake kama wengine, kila Jumamosi. Majirani walipita uani wakiuliza, "Ma Justina, leo unamtandazia nani?" Naye anawajibu, "Namtandazia atakayekuja. Wewe unapita tu."

Jumamosi ya kwanza nilikwenda naye rweya. Ya pili nikaenda, miguu mizito. Ya tatu, ndiyo hii ninayokuambia, nilimwachia aende peke yake. Sikuwa mgonjwa. Nilichoka kumtengenezea mahali mtu ambaye hayupo. Waswahili wana msemo, asiyekuwepo na lake halipo. Nilikaa pale mlangoni nikauona ni msemo wa kweli kuliko yote niliyofundishwa shuleni. Nilikuwa mpweke, mwanangu. Upweke wa kuwa na mtu wa kusubiri ni mchungu kuliko wa kutokuwa na mtu kabisa, kwa sababu kila hatua unayoisikia njiani inakuinua halafu inakubwaga.

Mae akarudi na mzigo wa nyasi kichwani, umelowa, maji yanamtiririka shingoni. Akautua. Akaniangalia.

"Unaumwa?"

"Hapana, Mae."

"Basi shika upande huu."

Nikamwambia kile nilichokuwa nimekificha. "Mae, nani anakuja? Tumetandaza mara ngapi? Mwanao hatakuja. Watu wote wanajua isipokuwa wewe."

Nilidhani atanifokea. Hakunifokea. Alikaa chini kando yangu, vilevile na nguo zake zilizolowa, akanisimulia jambo ambalo hata Gaspari alilisikia kwa vipande tu.

Mume wake alirudi. Ndiyo, alirudi kutoka Uganda. Mae alikuwa amemngoja mpaka akakata tamaa, akaacha kufagia, akaacha kwenda rweya. Nyasi zikaoza sakafuni. Alisema, "Nilijiambia, nitandaze kwa ajili ya nani?" Mchana mmoja alikuwa bondeni anachota maji, mtoto mgongoni. Mume akafika. Jirani alimwona akisimama mlangoni, kifurushi mkononi, anachungulia ndani. Nyumba baridi, nyasi nyeusi, jiko halina moto. Alisimama sana. Labda aliwaza mke amekwisha kuondoka, labda aliwaza yupo ila hamtaki tena. Akaweka kifurushi kizingitini, akageuka na njia aliyojia. Jirani alikuwa mbali, akaita, hakusikiwa. Mae alipopanda kutoka bondeni alikuta kitambaa kizuri cha nguo kimefungwa kwenye gazeti, na alama za viatu kwenye tope.

"Nilimkimbilia mpaka barabara kubwa," Mae akasema. "Nilikuwa na mtoto mgongoni, sikuweza kukimbia vizuri."

Nilitaka kumshika mkono, nikaogopa.

"Mwana wange," akaniambia, "mimi sijui kama Gaspari atakuja. Usidhani mimi ni mjinga. Lakini siku akija mimi naweza kuwa bondeni, naweza kuwa kanisani, naweza kuwa kaburini. Nataka nyumba imjibu kabla yangu." Akasimama, akakung'uta nguo. "Na tena, kumngoja mtu huku umenuna, huko si kumngoja. Huko ni kumdai. Shika upande huu."

Nikashika. Tulitandaza pamoja, nikilia, yeye akiimba nyimbo za Majilio kwa sauti yake mbaya. Alikuwa na sauti mbaya kwelikweli, katekista alikuwa akimwomba aimbe moyoni. Kesho yake ilikuwa Jumapili ile ya tatu, Jumapili ya furaha, na neno la siku lilikuwa "Furahini". Zamani nilidhani furaha inakuja pamoja na mgeni. Siku hiyo nikaanza kuelewa kwamba furaha ndiyo inayotangulia kumfagilia njia. Sikuielewa yote, nakuambia ukweli, lakini nilitoka kanisani nimeinua uso.

Ungependa nikuambie Gaspari alitokea Noeli. Hakutokea. Tulirudi kutoka misani, tukakaa juu ya nyasi zetu mbichi, watu wawili na chungu cha ndizi za watu kumi. Mae akakaanga senene, akatenga fungu la mwanawe pembeni kwenye jani la mgomba. Nyumba za jirani walikuwa wanaimba, lubisi, pombe yetu ya ndizi, inazunguka, na sisi tunasikia kila kitu. Noeli ile ilikuwa ndefu.

Kaka yangu akaja kunichukua kama alivyoagizwa. Mae hakunizuia, alinifungia hata ndizi za njiani. Nilisimama uani nikaiangalia nyumba, nikamwambia kaka, "Mwambie baba nitabaki." Akaniuliza nabaki kwa nani. Nikamwambia nabaki, basi. Baba alikasirika muda mrefu.

Mvua za masika zilipokuja zikamchukua Mae. Homa kidogo tu, kumbe ndiyo ya mwisho. Tulimzika migombani. Nikabaki peke yangu na ile nyumba, nikiongea na kuku.

Majilio mengine yakafika. Sikuwa na wa kunilazimisha. Jumamosi nikaenda rweya peke yangu, nikakata, nikatandaza. Majirani sasa wakanihurumia badala ya kucheka, na huruma hiyo ilikuwa ngumu kubeba kuliko kicheko. Nilijaribu kuimba kama Mae. Nilikuwa na sauti nzuri kuliko yake, lakini haikujaza nyumba.

Wiki ile ile, siku ya kazi, nilikuwa mwisho wa kibanja napalilia maharage. Mvua ikanifukuza. Nilipofika mlangoni nikaona makatambuga yamevuliwa, yamepangwa vizuri kizingitini, yamejaa tope. Nikachungulia. Gaspari alikuwa amelala katikati ya nyumba, juu ya nyasi, uso ameuzika ndani yake. Alikuwa amekonda, nguo zimechanika. Sikupiga kelele. Niliketi pale pale mlangoni, mvua ikinipiga mgongoni, nikamngoja aamke. Nilikuwa nimemngoja siku nyingi sana, lakini kungoja kule kulikuwa kutamu.

Alipoamka akaona aibu, akajifuta uso. Aliniambia aliugua Kimwani, akaenda kufanya vibarua Karagwe apate kitu cha kurudi nacho, asikipate. Mkono mtupu haulambwi, akasema. "Koku, mimi nilikuja kuchungulia tu. Nilijiambia, nikikuta nyasi kuukuu, nitageuza."

Halafu akaangalia huku na huku. "Mae yuko wapi?"

Nikamshika mkono nikampeleka migombani.

Mwanangu, mengine unaweza kuyajaza mwenyewe. Tulizeeka pamoja, na sasa Gaspari amelala kando ya mama yake. Wanangu wako Mwanza, wako Dar es Salaam, wana kazi zao. Sakafu yangu ni ya saruji, wameniletea na zulia. Lakini Majilio yakifika nalinunia zulia, nalikunja, nawalipa mabinti wa jirani ndizi waniletee nyasi, maana magoti yangu hayafiki tena rweya. Wajukuu wakija wanacheka. Wacheke.

Nasaha yangu ni hii. Wazee walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Ukimngoja mtu, au ukimngoja Bwana, usikae kizingitini ukihesabu makosa ya anayechelewa. Fagia. Tandaza. Imba hata kama una sauti mbaya. Anayekuja anaweza kuja mchana wa kawaida, wewe uko shambani na mikono ina udongo, tena akaja kwa aibu, akitafuta sababu ndogo tu ya kugeuza. Usimpe sababu hiyo. Usiwaze kwamba imani ni kujua atafika lini, maana Mae hakujua, na hakumwona. Na moyo ukikuambia, "nitandaze kwa ajili ya nani," uambie unyamaze, ushike upande wake.

Mungu akuweke, mwanangu. Akupe wa kumngoja, na akupe wa kukungoja. Njia ikikuchosha, mikono ikiwa mitupu, usiogope kuchungulia. Kwangu nyasi ni mbichi.