Msusi na Fundi wa Upande wa Pili

Mama mdogo alikuwa msusi, na kichwa kimoja kilimchukua nusu ya siku. Mteja ameketi kwenye kigoda, shingo imepindishwa, hawezi kugeuka wala kusinzia. Saa hizo ndefu ndizo zilizomfanya mama mdogo kuwa msimulizi. Alianza ili wateja watulie. Baadaye wakawa wanakuja hata kabla mistari ya zamani haijafumuka.

Saluni yake ilikuwa chumba kimoja chenye mlango wa bluu, kwenye safu ya vyumba vya kupanga nyuma ya soko. Kulikuwa na kioo kilichopasuka pembeni, benchi, ndoo ya maji, makopo ya mafuta dirishani, na kalenda ya mwaka uliopita ambayo hakuitoa kwa sababu alipenda maua yake. Hadithi zenyewe alizipata kwa bibi yetu: wafalme na majini, mabinti waliogeuzwa ndege, vijana walioacha kula kwa kumwona msichana mara moja tu dirishani.

"Haya, legezeni shingo," alikuwa akisema huku anachovya vidole kwenye mafuta. "Tunakwenda mbali leo."

Ila kuna sehemu aliyoiruka. Katika hadithi za bibi kila binti alikuwa mzuri wa kutisha, uso kama mwezi, shingo sijui kama nini. Mama mdogo hakuelezea sura ya mtu. Yeye mwenyewe alikuwa na kovu la moto kutoka kwenye nyusi ya kushoto hadi shavuni, tangu alipoangukia jiko akiwa mdogo. Hakuna aliyemcheka mbele yake, lakini hakuna aliyemposa pia. Dada yake, yaani mama yangu, alikuwa ameshaolewa na kuzaa mara mbili. Yeye alisuka maharusi wa watu, akawapaka manukato, akawafunga shela, wakaondoka wanashangiliwa. Akabaki anafagia nywele.

Chumba kilichofuata alihamia fundi redio. Alikuwa mtu mnene, mpole, mwenye kipara kinachong'aa mpaka nyuma ya masikio. Baina ya vyumba hivyo viwili kulikuwa na ukuta wa mbao nyepesi, na kila jambo lilipita: nyimbo zilizokatika katikati, mikwaruzo ya mawimbi, na kwa upande wake yeye, hadithi.

Siku moja mama mdogo alikuwa anamsuka mwalimu wa chekechea, wateja wengine wawili wakisubiri kwenye benchi. Alisimulia juu ya binti aliyerogwa na mke mwenza wa mama yake. Uchawi wenyewe ulikuwa huu: kila anayemwona anampenda papo hapo, lakini akigeuza kichwa tu, anamsahau kabisa. Wachumba walikuja wakiwa wamewaka moto, wakafika getini wakauliza walifuata nini pale. Mpaka akaja kijana mmoja aliyeamua kuondoka naye akitembea kinyumenyume, asimwondolee macho. Akagonga punda, akaanguka mtaroni, akainuka bado anamtazama.

Redio za upande wa pili zilikuwa zimenyamaza. Mara sauti ya mwanamume ikatoka ukutani:

"Na akipepesa macho, je?"

Wanawake waliruka. Mwalimu wa chekechea nusura ang'oke nywele.

"Nani kakuita wewe?" mama mdogo alifoka.

"Samahani, dada. Lakini mtu lazima apepese."

"Anayetaka hadithi aje kusukwa!"

Ilikuwa dhihaka, lakini dakika chache baadaye mlango wa bluu ulifunguka, fundi redio akaingia, akasalimia kila mtu, akaketi mwisho wa benchi na kipara chake. "Nimekuja kusukwa," akasema. "Mistari midogo midogo, tafadhali."

Mama yangu, ambaye siku hiyo alikuwepo, anasema walicheka mpaka wakashikana mabega. Mama mdogo peke yake hakucheka. Aliinamisha uso, akaugeuza upande usio na kovu, akamaliza hadithi kwa sauti ndogo. Kijana wa hadithini, akasema, alipepesa jicho moja moja. Fundi redio akaridhika, akashukuru, akaenda zake.

Tangu hapo akawa anagonga ukuta kuomba aongeze sauti. Ukafika wakati mama mdogo anasimulia huku amekaribia mbao kuliko mteja. Alinunua hereni mpya. Aliniambia mwenyewe, nilipokuwa mtu mzima, kwamba usiku alikuwa akijilaza na kuwaza: huyu kanipenda kwa sauti, hajaniangalia vizuri, na siku akiniangalia itakuwa mwisho.

Kwa hiyo siku fundi alipomsubiri bombani na kumwambia anataka kupeleka posa kwao, alimuuliza bila kuzunguka: "Umeniona lakini?"

"Nilikuona siku niliyohamia," alijibu. "Nikapita tu. Ni baadaye, nilipokusikia, ndipo nikasimama."

Maskini, alidhani amejibu vizuri. Mama mdogo alibeba ndoo yake akaondoka, maji yakimwagikia miguuni. Alikuwa ametunza matumaini miaka yote kwamba yuko mtu mmoja duniani ambaye angemwona akaacha kula. Naye huyu, kapita tu.

Akaacha kusimulia. Alisuka kimya, akijibu wateja ndiyo na hapana. Benchi likaanza kuwa na nafasi. Mama yangu alimsihi, "Mdogo wangu, mtu kakwambia ukweli, unamsusia?"

"Ukweli aubebe aende nao."

Msimu mzima wa mvua ukapita hivyo. Kisha asubuhi moja, saluni ikiwa na bibi harusi na shangazi zake, sauti ikasikika ukutani, inatetemeka kama mtu aliyesimamishwa darasani.

"Paliondokea binti," fundi alisema, "ana kovu hapa, kwenye nyusi, linashuka kama kinjia. Akicheka analifunika kwa mkono, na mkono una mafuta, basi shavu lote linang'aa. Akitoka kumwaga maji asubuhi, kanga kaifunga kiunoni, jirani yake anaunguza vidole kwa chuma cha moto kwa kumtazama. Jirani ana malengelenge mpaka leo. Alikuwa kipofu mwanzoni, huyo jirani. Akapona."

Shangazi mmoja akafungua mdomo akaufunika. Mama mdogo alikuwa ameshika chanuo hewani.

"Basi," fundi aliendelea, akionekana hajui pa kwenda, "binti akakasirika, akaenda ng'ambo. Jirani akapanda farasi akavuka bahari..."

"Farasi gani anavuka bahari?" Swali lilimtoka mama mdogo.

"Wa majini."

"Majini mashetani au majini kwenye maji?"

"Popote utakapopenda wewe."

Bibi harusi ndiye aliyeanza kupiga vigelegele, nusu ya kichwa imesukwa, nusu imesimama wima.

Waliishi pamoja miaka mingi, na haikuwa asali tupu. Fundi aliacha skrubu kila mahali, hadi kwenye sufuria. Alipandisha mashetani ya wivu kwa sababu ya mteja mmoja mpiga soga, na mama mdogo akamnyima salamu siku nzima, halafu nikawakuta jikoni wamekaa karibu kuliko jiko lilivyohitaji. Walizaa mabinti wawili wenye midomo mirefu. Sisi vijana wa ukoo tulikuwa tunaona haya kuwatembelea bila kubisha hodi.

Fundi alitangulia mbele ya haki. Vyumba vile vilibomolewa, na vidole vya mama mdogo vikakakamaa, hawezi tena kusuka. Sasa anakaa kwangu. Juzi nilimuuliza kama bado anazikumbuka hadithi za bibi, za vijana walioacha kula.

"Nazikumbuka," alisema. "Nilizitamani sana. Lakini unajua ninachokikosa? Mwavuli. Tulikuwa na mmoja tu. Mvua ikinyesha, alikuwa ananiwekea wote mimi, kwa ajili ya nywele zangu. Yeye anafika nyumbani bega lote limelowa, shati limegandia mwilini. Nilikuwa namgombeza huku namfungua vifungo."

Akatazama dirishani. Kisha akacheka, akaona namtazama, akanifukuza nikaangalie chai.