Majani ya Mabaka ya Shangazi Tumaini

Usiku ule nililala nikiwa nimekwisha kupanga uongo. Kesho yake binamu yangu Rehema angekuja Njombe kuchukua tawi la ua la haibiskasi la marehemu mama yake, akalipande kaburini. Mimi nilikuwa nimemnunulia mche mwingine unaofanana nalo kwa wauza miche wa barabarani.

Shangazi Tumaini, mama yake Rehema, aliliotesha ua lile kwenye debe, kwa kuwa halivumilii baridi yetu. Juni na Julai aliliingiza jikoni kila jioni. Maua mekundu, majani yenye mabaka meupe. Alipolazwa aliniachia mimi. Nilisoma kijitabu cha kilimo, nikaamini weupe ule ni ugonjwa. Nikatia samadi, nikakata kila tawi lenye mabaka, nikayaacha ya kijani tupu.

"Shangazi, nimeliponya," nilimwambia wodini. Alinitazama, akageukia ukutani. Hakurudi nyumbani. Muuza miche ndiye aliyenieleza: mabaka ndiyo asili ya ua lile; hukatwa matawi ya kijani, maana yana nguvu, huyameza yenye mabaka.

Ndotoni nilikuwa jikoni kwake, mchana. Shangazi ameketi kwenye kigoda, debe katikati ya magoti, anafuta majani kwa pindo la kanga. Kisha jikoni ni wodi, na debe liko kitandani, limefunikwa shuka. Naogopa kulifunua.

"Daktari wa vitabu," ananiita, kama alivyonitania siku zote. "Mgonjwa wako hajambo?"

"Nisamehe, Shangazi. Sikujua."

"Ulipokata hukujua. Na huo mche ulionunua, nao hujui?"

Navuta shuka, na tuko makaburini. Rehema amepiga magoti, anaushindilia udongo mche wangu wa kununua. "Mama, ua lako hili," anasema. Shangazi hautazami mche. Ananitazama mimi.

"Usimfanye mwanangu anililie kwenye ua la mtu mwingine."

Niliamka kumepambazuka, nikampigia Rehema.

"Kaka, mbona mapema hivi? Ndiyo naingia stendi."

"Dada, usipande basi kwanza. Ua la mama nililiharibu mimi. Nilitaka kukupa jingine, nikunyamazie."

Nikasikia wapiga debe wakiita abiria.

"Nakuja hivyo hivyo," akasema mwishowe. "Utanionyesha ulipokata."