Bwana Shamba na Ncha za Vitunguu Vyangu

Jamani, ni mtu gani anaomba vitunguu vya watu kisha anavirudisha?

Leo nimeshuka mlimani kuja Morogoro na vitunguu vyangu vya mbegu, mizizi imeshaanza kuchomoza. Bwana Shamba, yule Mjerumani, akaviomba avitazame. Baadaye kanirudishia vyote.

Ila ncha za mizizi kazikata!

Nanyi mnajua kwetu Uluguru: mchawi wa mazao habebi gunia. Anachukua kijipande tu, shamba lako linadumaa, lake linajaa.

Nikamfuata. "Nipe ncha zangu!"

Akacheka, akaniinamisha kwenye hadubini yake, ncha zangu zikiwa chini ya kioo. Wallahi, nikaona vijumba vimebanana kama sega la nyuki, kila kimoja na kiini chake. Kimoja kilikuwa na viini viwili, na ukuta umeanza kujengwa katikati!

"Hicho kinagawanyika, mama," mkalimani wake aliyesimama kando akanieleza. "Kimoja kinakuwa viwili. Ndivyo mzizi unavyokua, na unakulia hapo nchani."

"Hapo alipokata?"

"Hapo hapo."

Wakatabasamu wote wawili, eti sasa nimeelewa.

Nimeelewa sana! Hebu niambieni, mchawi gani huyu anakuonyesha alichokuchukulia, halafu anasubiri umwambie asante?