Nyota ya Nane

Kila mwaka, somo la nyota likifika, lazima mwanafunzi mmoja aniulize, "Prof, we uko nyota gani?" Huwa namjibu kwamba mimi ni mwalimu wa jiografia na afungue daftari. Darasa zima hucheka. Hawajui kwamba swali hilo liliwahi kujibiwa sebuleni kwetu, Buyenzi, na jibu lake likanivunjia uchumba.

Katika baadhi ya nyumba za Waislamu wa zamani wa mji huu, posa haipiti hivihivi mpaka nyota zitazamwe. Huchukuliwa jina la binti na jina la mama yake. Kila herufi ya Kiarabu ina namba yake, namba zinajumlishwa, kisha zinatolewa kumi na mbili, kumi na mbili, mpaka zisitoleke tena. Inayobaki ndiyo nyota yako. Ikibaki moja ni Hamali, yule kondoo. Ikibaki nane ni Akrabu, yaani Nge. Mwanaume naye anahesabiwa vivyo hivyo, halafu wazee wanaangalia kama nyota mbili zinapatana. Jina la baba haliulizwi.

Mchumba wangu alikuwa anasoma uhandisi, tulijuana chuo kikuu, pale Mutanga. Nilimpenda kupita kiasi, sioni haya kusema. Jioni moja ya kiangazi umeme ulikatika mtaa mzima, nikamwonyesha Nge juu yetu: makucha, mgongo, mkia uliopinda, na kifuani ile nyota nyekundu ambayo Waarabu waliiita moyo wa nge. Nikamwambia nyota hiyo ingewekwa mahali pa jua letu, ingeimeza dunia.

"Kumbe iko na moyo mukubwa hivyo," akasema, "na watu wanaiogopa mukia tu."

Alipoleta posa, bibi yake mzaa baba alisema hatoi baraka bila hesabu. Sisi wawili tulicheka. Tulikuwa wasomi, tuliona ni jambo la kumridhisha bibi basi.

Mwenye kuhesabu alikuwa fundi cherehani aliyerithi kitabu cha falaki kwa baba yake. Alikuja na bibi baada ya alasiri, wakakaa mkekani mbele ya mama na mimi. Akatoa kipande cha kitambaa cheusi na chaki yake ya kuchorea nguo.

"Jina ya mama, binti?"

Mama aliyenizaa alifariki siku ileile aliyonizaa. Aliyenilea ni dada yake mkubwa, ambaye hakujaliwa mtoto. Alinipeleka madrasa, aliuza vitenge sokoni ili nisome, alinipiga nilipostahili na mara nyingine nisipostahili. Nyumbani sote tulijua, lakini jambo hilo halikusemwa kamwe, hata mchumba sikumwambia, na watu wake walitoka Rumonge, hawakujua habari zetu. Kutaja jina jingine mbele ya mama ingekuwa kumvua nguo mbele ya wageni. Goti lake lilikuwa linagusa langu. Nikataja jina lake.

Fundi akaandika, akajumlisha, akatoa. Ikabaki nane. Mchumba wangu alikuwa ameshahesabiwa kwao: tano, Asadi, simba. Simba ni moto, Nge ni maji. Bibi akajifunga mtandio vizuri, akasema, "Basi." Hata chai hakumaliza.

Nilidhani mchumba wangu atanipigania. Alikuja siku ya tatu, akasimama mlangoni bila kuingia.

"Mi siamini hayo mambo, unajua," akasema. "Lakini bibi ndiye amenikomaza. Nitamuvunja moyo namna gani?"

Nilimchukia kwa jibu hilo kwa sababu nililielewa.

Usiku ule sikulala, na asubuhi nikakaa na kalamu. Mimi, mwenye digrii, nikafanya hesabu ya fundi cherehani nyuma ya karatasi ya mtihani, safari hii kwa jina la mama aliyenizaa. Ikabaki tisa. Kausi, mwenye upinde. Moto kwa moto, na vitabu vyao vinasema hizo hupatana. Nilirudia mara tatu, ikabaki tisa mara tatu. Ningeweza kwenda kwa bibi siku hiyohiyo na kusema, samahani, nilikosea mama. Nilivaa hata viatu. Kisha nikamwona mama uani, ananipigia pasi nguo za kwenda kufundisha kana kwamba bado niko na miaka kumi, nikavivua.

Mchumba wangu akaoa mwaka uliofuata. Sasa anakaa Kinindo na watoto wake. Na mimi nafundisha. Nawaambia wanafunzi kwamba nyota za Nge hazijuani, moja iko mbali sana nyuma ya nyingine, ni macho yetu tu yaliyoziunganisha. Nawaambia jua hupita ndani ya Nge kama wiki moja tu, kwa hiyo wengi wanaojiita Nge kwenye simu zao wamedanganywa. Nawasimulia pia Wagiriki wa kale, jinsi nge alivyomuuma mwindaji, wakawekwa pande mbili za mbingu, mmoja akichomoza mwingine anazama. Hapo huwa nageukia ubao, nafuta mahali ambapo hapana kitu.

Kiangazi kilichopita mama alikuwa mgonjwa, nikamleta kwangu Carama. Baada ya magharibi nilimtolea kiti uani, maana ndani kulikuwa na joto. Akatazama juu kwa muda.

"Ile nge yako iko wapi?"

Nikamwonyesha. Akanishika mkono.

"Mwanangu, mi nilijua. Ile siku fundi ameuliza, nilikuwa nangoja utaje mudogo wangu. Ukataja mi. Nilifurahi sana, nikashindwa kusema. Na kisha bibi amesimama, nikaogopa. Ningesema, angehesabu tena, ungeolewa."

Kwa dakika nzima nilimkasirikia kuliko nilivyowahi kumkasirikia mtu yeyote. Miaka yote ile nilidhani siri hiyo naibeba peke yangu. Kisha nikahisi jinsi mkono wake ulivyokuwa mwepesi.

"Fundi aliuliza jina la mama," nikamwambia. "Hesabu ilikuwa sawa."

Alilia, nami nikalia. Alifariki kabla mvua hazijaanza.

Mwaka huu somo la nyota lilifika tena, na msichana wa dawati la mbele akauliza kama kawaida. "Prof, we uko nyota gani?"

"Nge," nikasema.

Akahesabu miezi kwa vidole, akashangaa. "Lakini prof, we si umezaliwa mwezi wa tano, tulikuimbia hapa? Uko Nge kwa nani?"

"Kwa mama," nikamjibu, na sikuweza kuendelea na somo.