Picha ya Idi Mbele ya Maporomoko

Nina studio ndogo ya picha mjini Arua, chini ya mlima wenye ofisi za serikali. Kazi inayonilisha siku hizi ni kuunganisha watu. Ukoo mmoja nusu uko Koboko, nusu umetawanyika duniani. Idi ikikaribia wananiletea picha za walio mbali, nami nawapanga wote kwenye kompyuta, bega kwa bega. Nyuma yao naweka maporomoko ya maji. Niliwahi kuwaonyesha mandhari ya bustani, wakanicheka.

Mwanangu wa pekee yuko Uturuki, mji wa pwani, anaosha vyombo hotelini. Baba yake alishafariki. Aliniahidi kwamba Idi hii anakuja, na mimi nilishapaka rangi chumba chake. Halafu akanitumia picha: amesimama mbele ya maporomoko ya kweli, marefu hasa, mto unafika ukingoni mwa jabali na kujimwaga moja kwa moja baharini. Chini yake watalii wamejaa kwenye boti, wanalowa na kufurahi.

"Mama, hii si ya karatasi," akaniambia kwenye simu. "Hii iko ya Mungu."

Siku hiyo nilifunga studio mapema. Nikajifunga gurbaba yangu ya sherehe, kitambaa chetu cha Kinubi, nikajipiga picha, nikajipanga kando yake pale kwenye maji. Kazi safi, hata kivuli changu nilikielekeza upande mmoja na chake. Nikakaa naitazama mpaka chai ikapoa. Nilikuwa mpweke, niseme nini tena, na tangu aondoke sikuwahi kutuona wawili pamoja. Nikamtumia ili afurahi.

Akapiga simu, akacheka mpaka akakohoa. Akasema amewaonyesha wenzake wa jikoni na wote wameamini kwamba mama yake alikuja kutalii. Kisha sauti ikashuka.

"Mama, ruhusa ya kazi iko ngumu. Na picha ya Idi sisi tayari iko nayo. Mwaka huu mimi nabaki kwanza."

Nikasonya. Hasira ilinipanda, na machozi nayo yakaja bila kualikwa.

"Wewe, sikiliza," nikamwambia. "Huyo mwanamke kwenye maji si mama yako. Mama yako iko Arua, nakula peke yake."

Nyuma yake sahani zilikuwa zinagongana, mtu akamwita kwa Kituruki.

"Mama, kazi," akasema, akakata.