Shangazi Kizimbani

Ansbert simpendi, na sitajifanya nampenda kwa sababu tu naandika habari za mke wake. Tulipanga nyumba moja Kimara, ukuta kwa ukuta. Makofi niliyasikia. Asubuhi huyo bwana ananipita uani, shati limenyooka kwa pasi, "Habari za asubuhi, mama Aya," utadhani katoka ibadani.

Mkewe, Kokuberwa, ni mwalimu wa shule ya msingi, si mtu wa maneno mengi. Alivumilia mpaka siku aliporudi kazini akakuta nguo za bintiye Clara, wa miaka mitatu, hazipo kabatini. Ansbert alikuwa amempeleka Bunju kwa dada yake Adelina. Koku alipouliza, alijibiwa kwamba mtoto ni wa ukoo, anayeweza kuondoka ni mke.

Baraza la usuluhishi la kata lilimwita Ansbert, akapuuza. Ndipo Koku akafungua shauri mahakamani, akidai talaka na mtoto wake. Liliburutwa karibu miaka miwili, na muda wote huo hakuruhusiwa kumwona Clara hata mara moja.

Talaka haikusumbua. Mimi nilisimama nikasema niliyoyasikia, na Ansbert kwa kinywa chake akamwambia hakimu kwamba alikuwa "anamrekebisha" mke. Vita ilikuwa Clara. Hapo Ansbert aliapa uongo bila kupepesa: anaishi na mtoto, anamwogesha, anampeleka shule. Shahidi wake alikuwa Adelina.

Adelina alipanda kizimbani kifua mbele, gauni jipya, kama anakwenda kuhesabiwa mahari. Hakimu akamruhusu Koku aulize.

"Wifi," Koku alisema taratibu, "kaka yako anasema ndiye anayemwogesha Clara. Ni kweli?"

Adelina aliona ametukanwa.

"Kaka yangu aogeshe mtoto? Kwetu Bukoba umewahi kuona mwanaume anaogesha mtoto? Mie ndo namwogesha, mie ndo namlisha, mie ndo namlaza! Yeye anakujaga Jumapili, tena siyo zote!"

Ansbert aliinamisha kichwa. Nilicheka kwa sauti, askari wa mahakama akanikata jicho. Sikujali. Yule mama alikuwa amelinda heshima ya kaka yake mpaka akamzika nayo.

Hakimu alisema mtoto mdogo wa chini ya miaka saba hukaa na mama yake isipokuwa kuna sababu nzito, na yeye hajaiona. Baba atamtembelea.

Tulimfuata Clara Bunju pamoja na ofisa ustawi wa jamii. Njia nzima Koku alikuwa akikunja na kukunjua kigauni alichomnunulia. Adelina alitupokea akiwa amekaa kwenye kochi, hakuinuka. Akaita. Clara akaja, amerefuka, nywele zimesukwa vizuri. Siwezi kusema hakutunzwa.

Koku akafungua mikono. Mtoto hakumkimbilia. Alipiga magoti mbele yake kwa adabu, kama wanavyofundishwa watoto wa kike wa Kihaya.

"Shikamoo, anti."

Kisha akamgeukia shangazi yake. "Mama, nimletee mgeni maji?"

Adelina alimtazama wifi yake, akatabasamu. Nilitaka kumrukia pale pale kwenye kochi lake, Koku akanishika mkono kwa nguvu mpaka ukaniuma. Hakuwa akinitazama mimi. Alikuwa anamtazama mtoto aliyepiga magoti.

"Marahaba," alisema. "Niletee."